Wivu wa Usingizi

Watu huoneana wivu kwa mengi. Yupo anayeumwa roho kwa sababu ng'ombe wa jirani ana maziwa, na yupo anayenuna mwezi mzima kwa kuwa mtoto wa shemeji amefaulu mtihani. Bakhtrawan wa kijiji cha Serbanda, katika milima ya Shangla, alimwonea mwenzake wivu kwa kitu ambacho hata fukara hukipata bure. Alimwonea wivu kwa usingizi.

Mwenzake huyo aliitwa Umarzeb. Kila siku baada ya chakula cha mchana, Umarzeb alijinyoosha juu ya kitanda cha kamba ukumbini mwa hujra, nyumba ya baraza wanamokutana wanaume, akajifunika shali usoni, na kabla chai haijapoa alikuwa akikoroma kama nyati. Nzi walitembea juu ya vidole vya miguu yake, naye hana habari. Watu walibishana juu ya bei ya mahindi, wakacheka, wakagonganisha vikombe, naye hana habari. Bakhtrawan aliketi mkabala naye, macho mekundu kama pilipili mbivu, akimtazama. Kila mkoromo ulimchoma kama mwiba.

"Mtazameni huyu," alisema muuza duka mmoja kwa utani. "Analala kama mtu aliyeajiriwa kulala."

"Mwacheni," Bakhtrawan alijibu huku akicheka kwa jino pembe. "Asiye na moyo hakosi usingizi."

Wote wawili walikuwa wametoka katika shimo moja. Miezi saba nyuma walikuwa wakichimba makaa ya mawe huko Balochistan, kama wafanyavyo wanaume wengi wa Shangla. Asubuhi moja dari la mgodi likaporomoka. Wao wawili walibanwa upande mmoja wa kifusi. Upande wa pili alibaki Zarin, kijana wa miaka kumi na tisa, ndugu yake Nazmina, mke wa Bakhtrawan. Waokoaji walipofika siku ya tatu, wawili walitolewa wakiwa hai, na mmoja alitolewa amefunikwa blanketi.

Bakhtrawan ndiye aliyempelekea mama mkwe wake habari. "Alikufa papo hapo, mama," alisema huku ameinamisha kichwa. "Wala hakuteseka." Bi Zartaja alimtazama kwa muda mrefu. Hakupiga yowe, hakulia. Aliinuka akaenda kufunga mlango wa zizi, kana kwamba ameambiwa mvua inakuja.

Tangu siku hiyo Bakhtrawan hakuwa yule wa zamani. Hakuweza kukaa katika chumba kilichofungwa mlango. Alihamishia kitanda chake juu ya paa, na watu walipomuuliza alijigamba kwamba damu yake ni ya moto. Kifuniko cha sufuria kikianguka aliruka kama aliyekanyaga kaa. Siku moja binti yake Spogmai, mwenye miaka mitano, alimrukia mgongoni kwa mchezo, na kabla akili haijamrudia alikuwa amemtupa mtoto ukutani. Spogmai hakuvunjika mfupa, lakini tangu hapo alimzunguka baba yake kwa mbali, kama mtu anavyomzunguka mbwa mkali aliyefungwa. Bakhtrawan hakumweleza mtu yeyote yaliyokuwa moyoni mwake. Akiulizwa hujambo, alijibu, "Sijambo," na neno likaishia hapo.

Mwanzoni Umarzeb alikuwa na hali mbaya kuliko yeye. Alikuwa na kigugumizi, alijificha chini ya kitanda, alilia hadharani pasipo haya, na kijiji kizima kilijua. Kisha akaanza kwenda katika zahanati ya bondeni, ambako muuguzi mmoja aitwaye Mukhtiar aliwakusanya kila Jumanne wanaume waliorudi kutoka migodini. Walifanya mambo ya ajabu huko. Waliketi mduara, wakaweka mikono tumboni na kuvuta pumzi polepole hadi tumbo likalegea. Walisimama, wakafumba macho na kuutikisa mwili mzima kama miti katika upepo, ngoma ikilia kutoka kwenye simu ya muuguzi. Walipewa kalamu za rangi za watoto wa shule, wakachora walivyo na wanavyotaka kuwa. Kisha mwenye neno alilisema, na wenzake walisikiliza bila kumkatiza. Baada ya miezi miwili kigugumizi cha Umarzeb kilipungua. Mwezi wa tatu akaanza kulala.

Kama ingekuwa kulala tu, pengine Bakhtrawan angevumilia. Siku moja alikuwa akirudi kutoka kukata kuni, akasikia kicheko cha mtoto upande wa pili wa ukuta wa Umarzeb. Kilikuwa kicheko alichokijua, ingawa hakuwa amekisikia kwa miezi. Alichungulia. Spogmai alikuwa amepanda mabegani mwa Umarzeb, ameshika masikio yake kama hatamu, anapiga kelele, "Kimbia, farasi, kimbia!"

Bakhtrawan alihisi kama aliyemiminiwa maji ya moto. Aliutupa mzigo wa kuni, akaingia, akamshusha mtoto kwa mkono mmoja. Spogmai akaanza kulia.

"Kwani huna watoto wako wa kucheza nao?" Bakhtrawan alifoka.

"Bakhtu, ndugu yangu, amekuja mwenyewe kucheza na wangu," Umarzeb alisema kwa upole. "Sikiliza. Njoo nami Jumanne. Hutatakiwa kusema lolote. Utakaa tu, upumue."

"Nifundishwe kupumua? Mama yangu alinizaa bila pua?"

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Nikacheka kuliko wewe."

"Nenda kacheze ngoma na wendawazimu wenzako. Mimi ni mzima."

Jioni hiyo Nazmina, akipuliza moto chini ya chapati, alisema bila kumtazama, "Mke wa Umarzeb anasema mumewe siku hizi anaamka anaimba. Baba Spogmai, kwa nini nawe usijaribu?"

"Umarzeb, Umarzeb! Kila nikigeuka ni Umarzeb!" Bakhtrawan alisukuma sinia. "Kama anakupendeza sana, kaolewe naye!"

Nazmina aliupuliza moto tena. Aliigeuza chapati ikaungua upande wa pili, naye akaila yeye mwenyewe iliyoungua.

Wivu ulimla Bakhtrawan ndani kwa ndani, kama mchwa alavyo boriti huku rangi ya nje ikiwaka. Alijiuliza maswali yasiyo na mwisho. Kwa nini huyu? Tulikula vumbi moja, tukalamba maji ya ukuta mmoja. Kwa nini yeye arudishiwe maisha yake, nami niachiwe shimo? Alianza kumvizia. Siku za Jumanne alisimama nyuma ya mashine ya kukoboa, akamwangalia akiteremka kwenda zahanati, na moyo wake ukateremka naye hatua kwa hatua. Miguu yake ilitaka kufuata. Kiburi kikaishika.

Haukupita muda ikatokea nafasi ya kazi. Haji Wadud, aliyekuwa na mtambo mdogo wa umeme wa maji unaowasha taa za kijiji, alitaka mtu wa kuutunza. Kazi haikuwa na jasho jingi na ilimwezesha mtu kubaki nyumbani, asirudi tena migodini. Kila mtu alijua kwamba Haji alikuwa amemlenga Umarzeb, kwa kuwa alikuwa fundi wa mikono. Siku moja Haji alimwita Bakhtrawan pembeni pale hujra.

"Wewe ulikuwa naye chini ya ardhi," alisema. "Nasikia anakwenda kwa daktari wa vichwa. Nieleze kweli. Naweza kumwachia mashine?"

Bakhtrawan alishusha pumzi ndefu. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikitika. "Haji, mimi simsemi mtu. Umarzeb ni ndugu yangu. Lakini... wanatetemeka kule, Haji. Wanachora picha kama watoto. Juzi nilimwona akiongea peke yake kandokando ya mtaro wa maji. Mashine ile ina mikanda, ina moto. Sijui. Mimi simsemi mtu."

Maneno hayo yalikuwa sumu iliyopakwa asali. Kesho yake ufunguo wa chumba cha mtambo ulikuwa mfukoni mwa Bakhtrawan, na hujra nzima ilikuwa ikimtazama Umarzeb kwa huruma ya kuudhi, ile wanayotazamwa nayo wasio na akili. Mtu mmoja hata alimwongelesha polepole kwa sauti ya juu, kama kiziwi.

Bakhtrawan alitazamia kumwona adui yake akichemka. Alitaka matusi, alitaka hata ngumi. Badala yake Umarzeb alikuja mlangoni kwake, uso umempauka, akasema, "Hongera kwa kazi, Bakhtu. Mlango wa chumba kile hufungwa na upepo. Uuwekee jiwe." Kisha akaondoka.

Hapo ndipo wivu ulipozidi kipimo. Hata hasira hana! Bakhtrawan aliwaza, akiuma meno. Hata hasira ameponywa!

Chumba cha mtambo kilichimbwa ubavuni mwa mlima. Kuta zilikuwa za mawe, dari lilikuwa chini, na mlango ulimtaka mtu ainame. Ndani maji yalinguruma na chuma kikatetemesha sakafu. Siku ya kwanza Bakhtrawan aliegemeza jiwe mlangoni, akafanya kazi akiwa nusu ndani nusu nje. Siku ya pili alimdanganya Haji kwamba mkanda ulikuwa sawa, ingawa hakuufikia. Siku ya tatu, saa nne ya asubuhi, mkanda ukaanza kulia kama paka aliyebanwa mkia, na ikambidi aingie mpaka ndani kabisa. Alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu wakati upepo wa bondeni ulipovuma, jiwe likateleza, mlango ukajifunga kwa kishindo.

Giza. Mngurumo. Vumbi.

Wanawake waliokuwa wakifua nguo mtaroni walisikia yowe ambalo halikufanana na sauti ya mtu. Mlango ulipasuka, Bakhtrawan akatoka akitambaa kwa mikono na magoti, suruali imelowa, povu limemtoka kinywani, anapiga kelele, "Nakusikia, Zarin! Nakusikia!" Alijikunja juu ya matope, ameziba masikio. Watu walikimbia kutoka mashambani wakasimama mbali. Baadhi ya wanawake walifunika nyuso zao. Ugonjwa alioufungia juu ya paa miezi saba sasa ulikuwa umelala chini, uchi, mbele ya kijiji kizima.

Umarzeb alikuwa akipalilia shamba lililo jirani. Alikuja, akawaambia watu wasogee, akaketi juu ya matope yale yale. Hakumshika, hakumvuta.

"Bakhtu. Ni mimi. Tuko nje. Tazama, ile milima ile. Usipigane na mwili. Unataka kutetemeka, uache utetemeke."

Bakhtrawan alitetemeka hata meno yakagongana. Alitetemeka muda mrefu, na Umarzeb akawa anavuta pumzi kwa sauti kando yake, mkono juu ya tumbo lake mwenyewe, kama baba anayemwonyesha mtoto jinsi ya kupuliza moto. Polepole pumzi zao zikaanza kwenda pamoja.

"Nilikusingizia kwa Haji," Bakhtrawan alisema alipoweza kusema.

"Najua. Siku ile nilikwenda mtoni nikarusha mawe hadi bega likauma. Nilitaka kukuvunja meno, wewe."

"Nilikuonea wivu. Nikikuona umelala natamani nikuamshe kwa teke." Machozi yalimtiririka bila yeye kuyafuta. "Wewe hukubeba kitu kutoka mle. Mimi nimembeba Zarin. Aliniita mchana kutwa nyuma ya kifusi, nami niliziba masikio kwa kilemba. Mimi ndiye niliyemchukua kwao nikampeleka mgodini, Umarzeb. Mama yake hakutaka."

Umarzeb alijifuta matope mikononi. Kisha akasema, "Unadhani mimi nilikuwa kiziwi? Tulichimba kwa kucha, dari likazidi kushuka. Ni nani aliyesema tuache? Si mimi? Nilikukamata mikono nikakuambia ukichimba tena tutakufa wote watatu. Hilo ndilo nililolisema kwanza kule zahanati. Jumanne tatu nilikaa kama gogo, ya nne ndipo likatoka."

Bakhtrawan alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kwa miezi yote hiyo alikuwa amemhusudu mtu aliyebeba mzigo ule ule. Tofauti ni kwamba mwenzake aliutua mbele za watu.

Jumanne iliyofuata waliteremka wote wawili. Mukhtiar hakuuliza kitu, alimwonyesha mkeka tu. Mambo hayakuwa kama muujiza. Siku hiyo Bakhtrawan alipofumba macho alimwona Zarin, akayafumbua, akatoka nje akatapika. Alipopewa kalamu za rangi alichukua nyeusi, akaijaza karatasi pembe hadi pembe mpaka ikatoboka. "Ni picha nzuri," Mukhtiar alimwambia. "Ni ya kweli." Wiki ya pili aliweza kupumua mara ishirini bila kufumbua macho. Wiki ya tatu alisema jina la Zarin, na wanaume saba walisikiliza, na hakuna aliyecheka.

Kesho yake alikwenda hujra, mchana, watu wakiwa wamejaa, akasimama. "Haji, nilikudanganya. Umarzeb ana akili timamu kuliko mimi. Nilimsingizia kwa sababu ya kijicho. Ufunguo wako huu." Muuza duka alianza kutoa mzaha, lakini ulimfia mdomoni. Haji Wadud aliguna, akamtazama kutoka juu hadi chini, kisha akamkabidhi Umarzeb ufunguo bila kuomba radhi, kama ilivyo desturi ya watu wa namna yake.

Lililobaki ndilo lililokuwa zito kuliko mtambo. Nazmina alikuwa ukumbini akipukuchua mahindi Bakhtrawan alipoketi mbele yake, akamweleza yote. Mahindi yalisimama mkononi mwa mwanamke huyo.

"Alikuwa akimwita nani?" aliuliza.

"Mimi. Kisha mama yake." Aliokota punje iliyoanguka. "Mwisho alikuita wewe."

Nazmina aliinuka, akafunga nguo zake na za Spogmai katika shuka, akavuka bonde kwenda kwa mama yake. Hakumtukana. Bakhtrawan aliona bora angetukanwa. Siku kumi na mbili alipika mwenyewe, akala mwenyewe, na kila usiku hofu ilipompiga alikumbuka kuweka mkono tumboni. Mara nyingine ilisaidia, mara nyingine haikusaidia. Umarzeb alikuja kila siku kula naye mkate wa mahindi, akikoroma baadaye kama kawaida yake. Bakhtrawan bado alimwonea wivu, ila sasa alimwambia.

"Koroma wewe, fisadi mkubwa. Nakuonea wivu mpaka kwenye nywele."

"Onea tu," Umarzeb alijibu bila kufumbua macho. "Wivu unaosemwa haunisumbui."

Siku ya kumi na tatu Nazmina alisimama mlangoni. "Mama anakuita," alisema. "Anataka kuyasikia kutoka kinywani mwako. Yote. Usipunguze."

Bi Zartaja alikuwa ameketi juu ya mkeka, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Bakhtrawan alitazama mlango, akatazama uso wa mwanamke yule, akakaa. Alieleza kifusi, kucha, kilemba. Alieleza jinsi sauti ilivyopungua, ikawa kama ya mtoto, kisha ikakoma. Safari hii hakutazama chini.

"Miezi minane nilijua unanidanganya," Bi Zartaja alisema alipomaliza. "Ulinipa maiti isiyo na kifo. Nitaililia vipi? Kila nikitaka kumlilia mwanangu, naona uongo wako umekaa mahali pake." Akamsogelea. "Aliniita?"

"Alikuita, mama."

Hapo yule mama akapiga yowe. Lilikuwa yowe la miezi minane, na majirani walifungua madirisha. Alimpiga Bakhtrawan kifuani kwa ngumi mbili dhaifu, kisha akamwangukia kifuani papo hapo, wakalia pamoja, mama mkwe na mkwe, na Nazmina akawajia akawafunika wote wawili kwa shali lake. Spogmai alisimama kando, ameshangaa, akitazama watu wazima wanavyolia. Hakuna aliyemwambia atoke.

Bakhtrawan hakupona kwa siku moja, wala kwa msimu mmoja. Theluji ya kwanza ilipoanguka alishusha kitanda chake kutoka paani, akakiweka karibu na mlango, mlango ukiachwa wazi kidogo. Zipo siku anazoruka akisikia kishindo, na zipo Jumanne anazokaa mduarani bila neno. Lakini Nazmina alirudi. Mama mkwe hupeleka salamu kwa jina lake. Na mgeni mpya akija zahanati, amevimba kwa kiburi, akisema yeye ni mzima na hana haja ya kufundishwa kupumua, Bakhtrawan humsogezea mkeka na kumkumbusha jambo ambalo lilimgharimu miezi saba kulielewa: mficha uchi hazai.